Faili Limefika, Ruhusa Imebaki Njiani

Saa mbili asubuhi mwezi wa saba, Sumbawanga bado imejifunika. Mji uko juu, unakaribia mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe cha Ufipa hakiagi mapema. Nyuma ya soko kuu kuna chumba kimoja cha fundi wa vifaa vya umeme mdogo: redio zilizofunguliwa, chaja zilizoungua, moshi wa kulehemu unaobaki kwenye nguo, na birika la chai juu ya jiko la mkaa. Hapo nimekaa asubuhi nyingi nikimtazama dada mmoja akifanya kazi ambayo sijawahi kusikia ikisifiwa, nami nataka kuisifu.

Kazi yenyewe ni hii. Programu imeandikwa kwenye laptopu. Inatakiwa ihamie kwenye Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, ambayo itafungwa ndani ya ghala la mahindi kule Laela ipime joto na unyevu wa hewa usiku na mchana. Programu inahamishwa, inafika salama, inaamriwa ifanye kazi. Skrini inajibu kwa maneno mawili ya Kiingereza: ruhusa imekataliwa.

Wengi wetu tungeanza kubonyeza hiki na kile. Yeye aliondoa mikono kwenye kibodi, akamimina chai.

"Haijasema haipo," alimwambia kijana anayejifunza kwake. "Imesema hairuhusiwi. Hayo ni magonjwa mawili, usiyape dawa moja."

"Sasa dada, si tuinakili upya?"

"Tukiinakili upya itafika vilevile. Njoo tusome kwanza."

Aliandika amri ya ls -l, na orodha ya mafaili ikashuka. Kushoto kabisa mwa jina la programu yao kulikuwa na herufi kumi zilizobanana: -rw-r--r--. Alichukua penseli, akaiweka karibu kabisa na kioo bila kukigusa, akaanza kuzipitia moja moja kama mtu anayechambua mchele. Ya kwanza inasema hiki ni kitu gani. Kistari ni faili la kawaida, d ni folda. Tisa zinazobaki zinagawanywa tatu tatu: tatu za mwenye faili, tatu za kundi lake, tatu za watu baki. Ndani ya kila tatu mpangilio haubadiliki. Kwanza r ya kusoma, kisha w ya kuandika, mwisho x ya kuendesha. Palipo na kistari, pamekataliwa.

Akamwambia kijana asome kwa sauti.

"Mwenye anasoma, anaandika, haendeshi. Kundi linasoma tu. Watu baki wanasoma tu."

"Nani anaendesha?"

Kijana alirudia tena kwa macho. "Hakuna."

"Basi mashine imekosea wapi?"

Haikuwa imekosea. Iliambiwa na mtu iendeshe kitu ambacho hakuna mtu hata mmoja aliyepewa haki ya kukiendesha, ikakataa kama ilivyofundishwa. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Fundi wa kawaida hugombana na mashine inayokataa. Huyu huamini kwanza kwamba katazo lina sababu yake, na kwamba sababu hiyo imeandikwa mahali fulani, mtu akikubali kutulia na kusoma. Aliongeza herufi moja tu kwa chmod u+x, x ya mwenye faili, na programu ikaamka.

Lakini hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Alitaka kujua ile x ilipotelea wapi, kwa sababu kwenye laptopu ilikuwepo. Njia iliyopita programu ilikuwa flashi. Flashi nyingi za madukani zimepangwa kwa mfumo wa FAT, ambao mizizi yake ni ya miaka ya 1970, enzi za disketi, na ulitengenezwa kwa kompyuta za mtu mmoja mmoja. Ndani yake hamna hata nafasi ya kuandika kwamba faili hili ni la nani na nani aliendeshe. Yaliyomo yanahifadhiwa yote bila herufi kupungua. Umiliki na ruhusa vinavuliwa mlangoni. Ukiandika chmod ndani ya flashi ya namna hiyo utapoteza muda wako, maana hakuna pa kuiandika.

Watu wa Rukwa wanalielewa hili haraka likisemwa kwa mahindi. Gunia lililofungwa na hati yake ndani, hata likipakiliwa kwenye lori la nani, likifika Tunduma utajua ni la nani na lina kilo ngapi. Mahindi yaliyomwagwa ndani ya bodi la lori ni mahindi yaleyale, lakini muulize dereva ni ya nani. Kwa hiyo fundi hufunga kwanza programu zake kwa tar, bunda moja ambalo ndani yake ruhusa zimeandikwa pamoja na mafaili, halafu ndipo bunda hilo lipite kwenye flashi. Likifunguliwa upande wa pili, x nayo inatoka.

Mpangilio huu wa herufi una zaidi ya miaka 50. Ken Thompson na Dennis Ritchie waliuweka kwenye Unix wakiwa Bell Labs huko Marekani, na kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, cha Novemba 1971, tayari kina amri ya chmod. Wakati ule waligawa watu mafungu mawili tu, mwenye faili na asiye mwenye. Kundi lilikuja baadaye. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ikaurithi, na kwa njia hiyo ukaingia ndani ya simu, ruta, na vijibao vya kijani kama hiki kilicholala Sumbawanga kando ya birika.

Kuna njia ya mkato, na kila anayefanya kazi hizi anaijua. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, jumla 7. Ukiandika chmod 777 umewapa wote yote: mwenye, kundi, na watu baki. Programu itakwenda. Mteja ataridhika. Katika chumba hiki namba hiyo haiandikwi. Fundi anaiita kung'oa bawaba: ufunguo umegoma, basi mtu anang'oa mlango mzima, anaingia ndani anajisifu kwamba amefungua. Naona ana haki. Nimeona kazi nyingi zilizomalizwa kwa 777, na waliozimaliza hawakuwahi kujua tatizo lao lilikuwa nini. Tena kuna mahali ambapo ruhusa ikizidi nayo hukataliwa. SSH, programu ya kuingilia mashine iliyo mbali, ikikuta faili la ufunguo wako wa siri linasomeka na watu baki, haiutumii. Inataka 600, yaani asome na kuandika mwenyewe peke yake. Mji huu wenyewe jina lake ni sharti la mlangoni. Sumba ni kutupa, wanga ni uchawi: ukitaka kuingia, ulichobeba kibaya kiache nje. Waliouita hivyo hawakuwa watu wa kumfungulia kila mpita njia.

Siku nyingine tatizo lilikuja kwa sura tofauti. Vipima joto havikuunganishwa moja kwa moja na Raspberry Pi; vilisomwa na kijibao kidogo cha Arduino, nacho kinapelekewa programu yake kwa kebo ya USB. Kijana alichomeka kebo kwenye laptopu yake mpya, akabonyeza kupakia, akajibiwa yaleyale ya ruhusa. Fundi hakusema kitu. Alimwachia. Kijana akaandika ls -l ya tundu la kebo, maana kwenye Linux hata tundu ni faili, na zikatoka herufi kumi: crw-rw----. Ile c ya mwanzo inamaanisha kifaa. Mwenye ni mkuu wa mashine, yule anayeitwa root. Kundi linaitwa dialout. Watu baki hawana hata kistari kimoja kilichogeuka kuwa herufi.

Jina dialout limebaki tangu enzi za modemu, kompyuta ilipokuwa ikipiga simu kwa waya. Aliyekuwa kwenye kundi hilo ndiye aliyeruhusiwa kupiga. Simu hizo zimekwisha na kundi limebaki, likishika zamu ya kulinda tundu la kebo. Kijana alijiandikisha humo kwa usermod -aG, bila kuisahau ile a, ambayo ikikosekana mtu anaondolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada. Akabonyeza tena. Akakataliwa tena.

Nilimwona anataka kukata tamaa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kundi, alilisoma kwa macho yake.

"Umeandikwa ukiwa umeshaingia ndani," fundi alimwambia. "Mlinzi anasoma orodha unapobisha hodi. Toka, uje upya."

Alitoka kwenye akaunti yake, akaingia tena, akaandika id ili aone makundi yake, na dialout ikawa miongoni mwao. Programu ikapanda kwenye Arduino, taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawa inapepesa. Nusu saa nzima ilikuwa imetumika kwa jambo la sekunde kumi, na sikuona kama imepotea.

Afrika Mashariki tumejenga vifaa vya namna hii zaidi ya tunavyokumbuka. Nairobi walibuni BRCK, kisanduku cha intaneti cha kuvumilia umeme unaokatika, wakakitangaza mwaka 2013. Mradi wa WIMEA-ICT uliwakutanisha watu wa Makerere, wa DIT ya Dar es Salaam, wa Juba na wa Bergen kutafuta vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha na ambavyo nchi zetu zinaweza kumudu. Tukisimulia kazi hizo tunataja vipimo, betri, sola, antena. Usiku ambao mtu mmoja alikaa na mistari mitatu ya skrini mpaka akaona kistari kilichokaa mahali pa x hausimuliwi. Na bila usiku huo sola ingelisha umeme kitu kilicholala.

Huwezi kuandika juu ya mafundi wa Ufipa ukaruka malungu. Mabaki yake bado yapo uwandani: matanuru ya kuyeyushia chuma, ya udongo wa vichuguu, marefu kuliko mtu, mengine yakifikia mita 3, yenye mirija ya udongo kuzunguka chini. Ilungu halikuvukutwa. Liliachwa livute pumzi yake lenyewe, moto ukakaa siku kadhaa. Wasomi kama Bertram Mapunda na Randi Barndon wameichunguza kazi hiyo kwa miaka mingi, na yaliyoandikwa yanaonyesha jinsi ilivyokuwa na masharti: tanuru lilipambwa kama bibi harusi, wafuaji walikaa mbali na wake zao kwa muda wote wa kazi, na bwana wa tanuru alikuwa na kapu lake la dawa. Nani asogee, nani aguse, nani awashe: yote yalijulikana kabla ya moto.

Kinachonivuta zaidi ni kilichofuata. Kilichotoka kwenye ilungu kilikuwa chuma, lakini chuma kilichochanganyika na mavi ya chuma, kisichofaa jembe wala mkuki. Kilichukuliwa kikaingizwa kwenye tanuru la pili, dogo, kintengwe, safari hii kwa mivukuto, na baada ya hapo ndipo kikaenda kwa mhunzi. Watu waliokesha siku na siku na tanuru refu walikubali kwamba bado hawajamaliza, wakajenga tanuru jingine. Majembe ya kiwandani yalipojaa zama za ukoloni, moto huo ukazimika. Nikimtazama dada huyu akikataa kusema "tayari" kwa sababu tu faili limefika, namwona yuko kwenye kintengwe.

Laela tulikwenda siku ya Alhamisi kwa kosta ya asubuhi, kwa barabara ya Tunduma, kijibao kikiwa ndani ya kopo la plastiki mapajani mwake. Mwenye ghala alikuwa anatusubiri mlangoni na koti lake zito.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Ndicho hicho cha kupima?"

Ndicho. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 kwa kiwango cha Afrika Mashariki. Hewa ya ghala ikishika unyevu, unyevu wa mahindi nao hupanda taratibu, na kuvu huingia. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Mzee yule alilitaja jambo hilo mwenyewe, kwa sauti ya chini, akiwa ameweka mkono juu ya gunia.

Kifaa kilifungwa kwenye nguzo, vipima viwili vikashushwa katikati ya rundo. Kijana aliiwasha programu kwa mkono na namba zikaanza kushuka: joto, unyevu, saa. Mzee alitabasamu. Kijana alianza kukunja kebo.

Fundi akachomoa umeme.

"Usiku umeme ukikatika ukarudi, hatutakuwepo hapa kuiamsha," alisema, akachomeka tena, akasubiri. Taa ya kijani ikawaka. Dakika zikapita. Alifungua faili la kumbukumbu aone namba mpya. Mstari wa mwisho ulikuwa ni wa kabla ya kuchomoa. Programu ilikuwa imeamka na haikuwa inaandika.

Mzee alitutazama. Kijana alishauri upesi kwamba programu iwekwe chini ya jina la mkuu wa mashine, maana mkuu hakataliwi kitu. Ni ushauri ambao ungefanya kazi palepale, na gari la mwisho la kurudi lilikuwa halingoji mtu. Fundi alitikisa kichwa. Kifaa kitakuwa kwenye laini ya simu, alieleza. Akitokea mtu akapenya kupitia programu hii, atapata kile tu ambacho programu inacho. Tukiipa ukuu, tumempa yeye.

Alianza getini. Folda ya juu kabisa: ina d, ina x? Kwa folda, x ni ruhusa ya kupita, na faili lililo wazi ndani ya folda isiyopitika ni chumba kizuri ndani ya ua uliofungwa. Inapitika. Folda ya pili, inapitika. Ya tatu, inapitika. Akafika kwenye faili la kumbukumbu lenyewe, na penseli ikatoka tena: -rw-r--r--.

Herufi kumi zilezile za siku ya kwanza. Kijana alisema x haipo. Kisha akajisahihisha mwenyewe kabla hajaambiwa, na nilifurahi kumsikia: hili ni faili la kuandikwa, haliendeshwi, x haihitajiki. Mwenye anasoma na anaandika. Kila herufi ilikuwa mahali pake.

"Endelea kulia," fundi alimwambia. "Mwenye ni nani?"

Kulia kwa zile herufi paliandikwa root. Programu ilipangiwa ijiamshe kwa jina la ghala, akaunti ndogo iliyofunguliwa kwa kazi hiyo peke yake. Na asubuhi ile ile, kabla ya safari, kijana alikuwa ameijaribu mara ya mwisho kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya mkuu, ili aokoe muda. Programu ilipofungua faili jipya la kumbukumbu, ikaliandika kwa jina la aliyekuwa anaiendesha. Ilipowashwa kwa mkono ghalani, ni yeye tena aliyeanza amri kwa sudo, kwa mazoea, ndiyo maana ikaandika. Sasa amekuja karani, anakuta daftari ni la bosi. Kulisoma anaruhusiwa.

Kijana alinyamaza. Fundi hakumkemea, alimsogezea kibodi. Akaandika chown ghala na jina la faili, akauliza orodha tena, akasoma kwa sauti kuanzia kistari cha kwanza mpaka jina la mwenye, bila kuruka kitu. Halafu, bila kuagizwa, akanyoosha mkono akachomoa umeme yeye mwenyewe.

Taa ikazimika, ikawaka. Tulikaa kimya tukisikia mtu akifagia punje nje ya mlango. Mstari mpya ukaingia, kisha mwingine. Fundi akamwambia achomoe mara ya pili, na ya tatu. Mzee alileta viti.

Dada yule ana daftari la kawaida la mistari, jalada limefungwa kwa selotepu. Humo kuna kila kosa alilokutana nalo. Ukurasa mmoja unahusu hati ya amri iliyoandikwa kwenye Windows, iliyoambiwa haipo wakati inaonekana, kwa sababu mwisho wa mstari wa kwanza kulikuwa na alama isiyoonekana. Mwingine unahusu sehemu ya diski iliyofungwa kwa noexec, ambapo hata x ikiwepo hakiendeshwi kitu. Mwingine unakumbusha kwamba tangu OpenSSH 9.0 ya Aprili 2022, amri ya scp imebadili njia yake ya kusafirisha, na vifaa vidogo visivyoijua njia mpya vinahitaji -O. Alilifungua juu ya gunia, akaandika tarehe, akaandika Laela, akampa kijana kalamu aandike yaliyobaki.

Kijana aliandika zile herufi kumi, akaacha nafasi, akaandika root. Akakata root kwa mstari mmoja. Kando yake akaandika ghala.